Vitu tisa na dola 180: uanze na kipi?

Swali la msomaji wa Katuba, Lubumbashi:

"Yaya, dada yangu mkubwa, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43 na watoto watatu. Nimeandika kwenye daftari vitu ambavyo ningependa kuwa navyo kabla sijazeeka: frigo, televisheni kubwa, viti vya saluni, kabati ya vyombo, mashini ya kushona ya miguu, sola, magodoro mapya ya watoto, kitenge cha Holande cha harusi ya mdogo wangu, na miwani ya kusomea, maana kusahihisha daftari usiku kunaniumiza kichwa. Mume wangu alisoma akacheka, akasema hizi ni ndoto za mtoto. Rafiki zangu wananisukuma ninunue frigo niuze maji baridi. Nimeona moja ya dola 250. Mashini niliyoiona soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, imeshatumika, wanataka 130. Kushona nilifundishwa na mama. Nina dola 180 mkononi, na zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ni mwezi wa kumi, dola 240. Nianze na nini? Na je, ni vibaya mtu wa mshahara kama wangu kutamani hivi vyote?"

Mdogo wangu mwalimu,

Asante kwa kunitumia picha ya ukurasa wenyewe. Mkono wa mtu unasema zaidi ya maneno yake. Frigo umeiandika kwa herufi kubwa na kuipigia mistari miwili. Televisheni na viti vimefuata, vimenyooka. Miwani iko chini kabisa, nje ya mstari, kwa kalamu ya rangi nyingine, herufi ndogo kama za mtu anayeomba radhi. Nitairudia hiyo miwani. Ndiyo iliyonifanya nikae nikujibu kwa urefu.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: si vibaya, na sisemi hivyo kukupoza moyo. Mji huu ulifundishwa kuamini vitu. Mwaka 1993 fedha ya nchi ilibadilishwa: zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka, na franka moja ikameza zaire mpya 100,000. Mama yangu alikuwa na noti zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Sisi watoto tuliishia kuzichezea duka uani, naye akituangalia bila kusema kitu. Jirani yake, muuza mihogo, hakuwa na kopo. Kila alipopata kidogo alinunua bati, leo moja, mwezi ujao mbili, akaziegemeza ukutani. Noti zilipokufa, bati zilibaki bati, na nyumba yake ikaezekwa. Mwalimu wa Lubumbashi anapoandika vitu katika daftari anafanya hesabu ambayo wazazi wake waliilipia kwa machozi. Mume wako akicheka tena, muulize kwao nani alikuwa na kopo na nani alikuwa na bati.

Lakini mji huuhuu ulitufundisha na jambo la pili. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walikubali kuondoka kazini kwa hiari, wakapewa fedha za mkupuo. Wengi hawakuwahi kushika fedha nyingi hivyo siku moja. Katika avenyu yetu vitu viliingia wiki nzima, vingine vikiwa bado na karatasi: televisheni, frigo za kugandisha, viti vya saluni. Mzee mmoja alinunua basi dogo lililokwisha kutumika. Basi lilitaka mafuta kila alfajiri, tairi, fundi, dereva, na fedha ya kuwapa watu wa barabarani. Mwaka haukuisha, lilikuwa limesimama juu ya matofali mbele ya nyumba yake, kuku wanalala ndani. Jirani yake alinunua vyuma vya kufyatulia matofali na mkokoteni mmoja, watu wakamhurumia kwamba hajui kufurahia fedha. Mkokoteni ule ulisomesha watoto wanne.

Ni miaka zaidi ya 20 sasa nakaa na vikundi vya akiba vya akina mama, Katuba, Kenya na Ruashi, na hapo ndipo naona fedha zinapopotelea. Mtu anauliza kitu ni bei gani. Haulizi kitakula nini kikishaingia nyumbani. Kila kitu ulichoandika kina mdomo. Kuna kinachokula kila siku, kuna kinachokula mara moja kwa mwaka, na vichache vinakula kidogo vikaleta chakula. Soma orodha yako upya kwa jicho hilo, utaona mpangilio wake unageuka karibu wote.

Tuchukue frigo. Yangu ya kwanza ilikaa hai siku 40. Jioni moja umeme ulirudi baada ya kukatika tangu asubuhi, ukarudi dhaifu, taa nyekundu kama makaa yanayozimika kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mimi nilikuwa nashukuru tu kwamba umerudi. Frigo ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Ilifanya hivyo karibu robo saa, kisha ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi samaki niliowaweka kwa biashara walikuwa wakielea katika maji yao wenyewe.

Watu wengi wanaogopa umeme mkali na kusahau kwamba umeme mdogo unaua pia. Mota ya frigo inapoanza kuzunguka inataka nguvu mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshashika mwendo. Ikiwa volti 220 zimeshuka hadi 150, mota inashindwa kujizungusha. Umeme unapita ndani ya waya zake zilizosimama na kugeuka moto mtupu. Tena umeme ukikatika na kurudi baada ya dakika moja, gesi ndani bado imebanwa, na mota inalazimishwa kusukuma mlango uliofungwa. Ndiyo maana anayeijua frigo anachomoa waya mara umeme ukikatika, na ukirudi anangoja walau dakika tano, akitazama taa kama zimekuwa nyeupe. Anayeweza ananunua kifaa cha kusawazisha umeme, kile kinachochelewesha kuwasha chenyewe. Kwa hiyo frigo ya dola 250 haijawahi kuwa ya dola 250.

Umeme wenyewe unaujua. Unatoka Mwadingusha, bwawa la tangu 1930, unatoka Nzilo na Nseke upande wa Kolwezi, na unakuja kwa njia ya waya ya kilomita kama 1,700 kutoka bwawa la Inga, njia iliyowashwa mwaka 1982. Migodi inakunywa katika mto huohuo. Rafiki yako anayefanikiwa na maji baridi huenda anakaa kwenye waya mzuri kuliko wako, na hilo halihusiani na bidii. Kabla ya kumwiga, fanya jambo moja: siku 14 mfululizo, weka alama kwenye daftari kila umeme unapokuja na unapoondoka. Frigo ya kugandisha iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi karibu saa 48, ikiwa nusu karibu 24; frigo ya kawaida ni saa nne tu. Lakini muuza maji anafungua mlango kila dakika tano, hiyo ndiyo kazi yake. Hesabu pia ni nyumba ngapi za avenyu yako zina kibao cha "maji baridi" mlangoni. Na ukumbuke majira: mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni makoti, joto kali ni mwezi wa tisa na wa kumi. Likelemba yako inafika mwezi wa kumi. Novemba mvua imeshaingia na kiu ya watu imepungua. Ungenunua kitu cha msimu wakati msimu unafunga mlango. Frigo ibaki kwenye orodha, iteremke hadi nafasi ya saba au ya nane, siku ambayo utaitaka kwa mboga na dawa za nyumbani kwako, bila kuitegemea ikulipe.

Mashini ya kushona ni habari nyingine. Ya miguu haijui kama umeme upo. Chakula chake ni sindano, uzi, mafuta kidogo, na mkanda wa ngozi ukikatika. Na wewe unakaa kila siku mbele ya soko lake: tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na kila mtoto ni bluu na nyeupe, kola zimechanika, vifungo havipo, sketi za dada mkubwa zinangoja kupunguzwa. Marekebisho ndiyo mkate, nguo mpya ni sikukuu. Nakuomba kitu kimoja kwa heshima ya kazi yako: usipime mtoto wa darasa lako, wala usimtumie mzazi ujumbe kwa mdomo wa mwanafunzi. Mzazi atadhani alama zinauzwa. Chukua kazi za shule nyingine na za majirani.

Kuhusu ile ya soko la Kenya, usiinunue kwa rangi. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, mzunguko mzima, usikilize: sauti iwe moja, isiwe na mahali inapokwama na kuachia. Shika mwamba wa sindano, uutikise; ukicheza, chuma kimelika ndani. Chungulia chini kwenye meno yanayosukuma kitambaa, kama ncha zake zimekuwa butu haitavuta jean wala kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Tazama kama kuna kutu mahali inapopita shatoli, ile inayobeba uzi wa chini. Mara nyingi mashini inayokatakata uzi ni sindano tu iliyopinda au iliyowekwa kinyume, kwa hiyo nenda na sindano zako mpya, namba 14 kwa kitenge na sare, namba 16 kwa jean. Mafuta yake ni yale meupe ya mashini. Ya kupikia yanaganda kama gundi baada ya wiki mbili, na muuzaji anayejua huyatumia kuficha kelele za siku ya kwanza tu.

Sasa turudi kwenye miwani.

Una miaka 43, unasahihisha daftari usiku, kichwa kinauma. Ningekuwa karibu nawe ningekupa gazeti na kutazama mkono wako. Naamini ungelisogeza mbali ndipo usome. Huo si ugonjwa wala uzee wa aibu. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ndani ya jicho inakuwa ngumu, haiwezi tena kujikunja kutazama cha karibu, na hali hiyo inampata kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachumaji wa chai wa Assam, India, wote wa miaka 40 na zaidi. Wenye kupewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao kwa karibu asilimia 22 ya chai waliyochuma kwa siku. Ni miwani tu: hawakuongezewa shamba, wala mshahara, wala mashine. Na jani la chai ni kubwa kuliko tundu la sindano.

Umeiweka mwisho kwa sababu mgeni akiingia nyumbani haioni. Frigo ataiona, viti atavikalia. Lakini kitu kile kidogo ndicho kinachobeba kazi yako ya mchana na ile unayotaka kuanza jioni. Ukinunua mashini bila miwani utashona kwa kukisia, utaharibu kitambaa cha mtu wa tatu au wa nne, utasema biashara ni mbaya. Nimewaona akina mama wakiuza mashini nzuri kabisa kwa sababu hiyo, na wala hawakujua ndiyo sababu.

Nenda kwanza ukapimwe macho katika hospitali yenye idara hiyo, hata ikiwa ni asubuhi moja ya kupanga mstari. Daktari atatazama pia mambo ambayo miwani inayouzwa mezani sokoni haiyaoni, kama shinikizo ndani ya jicho. Ikiwa macho yako mawili yanalingana na tatizo ni la karibu tu, miwani ya kusomea iliyo tayari inatosha. Kwa umri wako mara nyingi ni nguvu ya +1.00 au +1.50. Usichukue ya +3.00 kwa sababu inakuza zaidi, itakulazimisha uinamie daftari kama unanusa. Ikiwa jicho moja liko nyuma ya lingine, au kuna maumivu, au ukungu umekuja ghafla, hapo usinunue mezani hata kidogo, fuata cheti cha daktari.

Magodoro ya watoto yanakuja kabla ya chochote cha saluni, na hapa kuna hila ambayo wauzaji hawaipendi: beba mizani. Sifongo nzuri inajulikana kwa uzito. Godoro la mtoto la sentimita 190 kwa 90, unene wa 10, likiwa la sifongo nzito kiasi linafika kilo nne na zaidi. Lile lenye uzito wa kilo mbili na nusu ni hewa iliyovalishwa kitambaa, na baada ya mvua moja mtoto atakuwa analala juu ya mbao. Kama fedha hazitoshi magodoro matatu, nunua moja zuri kuliko matatu ya hewa, na chandarua juu yake kabla Novemba haijafika.

Sola yako iwe ndogo, ya taa na simu. Paneli ya wati 50 siku ya jua zuri inakupa kama wati-saa 200. Taa tatu za LED za wati tano, saa tano, zinakula 75, na simu mbili hazifiki 30. Inabaki akiba ya siku za mawingu za Desemba na Januari. Betri ya asidi usiikamue kupita nusu, ndiyo inayokufa mapema kuliko vyote. Na siku mtu atakapokuja kuomba "kidogo tu" kuchomeka pasi, kataa hata kama ni ndugu.

Kitenge cha Holande usikihesabu pamoja na vingine. Kile ni deni la heshima na kina tarehe yake, siku ya harusi. Gawaneni na ndugu zako. Kama mnataka kile halisi cha Vlisco, nyumba ya Helmond iliyoanza 1846, geuza upande wa pili: nta hupigwa pande zote mbili, kwa hiyo maua yana nguvu sawa mbele na nyuma. Cha kuigwa mara nyingi kinafifia nyuma. Na ukibaki na yadi mbili, zikunje uziweke; kitenge kizuri bado ni bati la ukutani.

Televisheni, viti na kabati sina mengi ya kusema. Viache vilipo. Kutaka mgeni akae vizuri kwako ni jambo la utu, sitakuambia ufute, ila havina haraka na havizeeki vikingoja.

Kwa hiyo dola 180: miwani na kupimwa kwanza, kisha mashini kama itashinda majaribio, na usikubali 130 kabla ya kumwonyesha muuzaji kasoro ulizoziona. Kinachobaki ni uzi, sindano na mafuta. Dola 240 za mwezi wa kumi ni magodoro na sola. Nasisitiza kuhusu likelemba: haikuongezei hata franka moja, uzuri wake ni kwamba inaipa tamaa yako tarehe. Usibadilishane zamu na mtu mwenye dharura kwa ahadi ya mdomo, na usikope juu yake mwezi wa nane. Siku ya kupokea, kagua noti moja moja palepale mbele ya wenzako. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha, unajua, hakuna duka hapa litakaloipokea.

Daftari lako usilifiche. Andika tarehe mbele ya kila kitu, kisha mpe mume wako ukurasa wa pili, mweupe, na kalamu, bila neno. Mwanamume anayecheka orodha ya mke wake mara nyingi ana ya kwake kichwani, na hajawahi kuulizwa.

Siku ya kwenda soko la Kenya nenda asubuhi, jua likiwa zuri. Beba kipande cha kitenge na kipande cha jean, uzi mweupe wa juu na mweusi wa chini. Ukishona, uzi mweusi ukichungulia juu ya kitambaa, mkazo wa juu umezidi. Mweupe ukitokeza chini, umelegea, na hayo yote yanarekebishwa kwa skrubu, hayana sababu ya kukukimbiza. Lakini kabla ya kukanyaga pedali, mwombe muuzaji akuachie utunge sindano mwenyewe, ukiwa na miwani yako mpya, mkono ukiwa karibu na uso.

Yaya wako wa Ruashi